Darubini ya milimita 70 inaweza kufanya utafiti gani?

Swali: Mimi ni mwalimu wa fizikia katika shule ya sekondari mkoani Singida. Mfadhili mmoja alituachia darubini ya lenzi yenye upana wa milimita 70. Wanafunzi wameshaona mashimo ya mwezini, miezi ya Mshtarii na pete za Zohali. Sasa wananiuliza: baada ya hapo nini? Je, kwa chombo hiki tunaweza kufanya utafiti wa kweli wa mfumo wa jua, utakaotumiwa na wanasayansi, au hiyo ni kazi ya wenye darubini kubwa Ulaya na Marekani? Na je, tuchangishe kwanza fedha za kununua kubwa zaidi?

Jibu: Mwalimu, wanafunzi wako wameuliza jambo ambalo watu wengi wenye darubini za bei kubwa hawajawahi kujiuliza. Ndiyo, mnaweza. Hamtaweza kila kitu, na nitakueleza wazi wapi milimita 70 zinatosha na wapi hazifiki. Lakini kabla ya vifaa, naomba tuzungumzie kinachomtofautisha mtafiti na mtazamaji, maana hapo ndipo wengi wanapokwama.

Usiku wa tarehe 19 Julai 2009, mtaalamu wa kompyuta aitwaye Anthony Wesley alikuwa nyumbani kwake Murrumbateman, Australia, akipiga picha za Mshtarii kwa darubini ya kioo cha inchi 14.5. Alikuwa ameshakaribia kufunga kazi alipoona doa jeusi karibu na ncha ya kusini ya sayari. Kwanza alidhani ni dhoruba ya kawaida ya maeneo yale, kisha akadhani ni kivuli cha mmojawapo wa miezi ya Mshtarii. Akalifuatilia. Halikuwa na mwendo wa kivuli, na hakuna mwezi uliotarajiwa kupita pale saa ile. Ndipo akafungua picha zake za siku mbili nyuma, zenye eneo lilelile. Doa halikuwepo.

Akaandika barua pepe kwa wanasayansi. Muda si mrefu darubini ya infraredi ya NASA iliyo juu ya mlima Mauna Kea, Hawaii, ikaelekezwa huko, kisha ikafuata darubini ya Hubble kutoka angani. Ikathibitika kwamba kitu kilikuwa kimeigonga Mshtarii na kuacha kovu linalokaribia ukubwa wa Bahari ya Pasifiki. Ilikuwa miaka 15 kamili tangu vipande vya nyotamkia Shoemaker-Levy 9 vilipoigonga sayari hiyohiyo Julai 1994.

Watu wakisimulia kisa hiki husifu ukubwa wa darubini yake. Mimi nazitazama zile picha za siku mbili nyuma. Bila hizo Wesley angekuwa na doa tu. Akiwa nazo, alikuwa na tukio lenye tarehe. Picha isiyoonyesha chochote ndiyo iliyoipa maana picha iliyoonyesha kitu. Wewe ni mwalimu, unalijua daftari la mahudhurio: mtoto asipokuja huachi nafasi wazi, unaandika kwamba hakuja, na siku akihitajiwa ushahidi, alama ile inasema mengi. Utafiti wa anga wa watu wa kujitolea umejengwa juu ya daftari la namna hiyo: umetazama nini, lini, kutoka wapi, kwa chombo gani, hewa ikiwaje, ukaona nini na hukuona nini.

Sasa tuje kwenye darubini yenu. Kitu cha kwanza ambacho ningewapa wanafunzi wako ni jua.

Mwaka 1826 mfamasia mmoja wa mji wa Dessau, Ujerumani, Heinrich Schwabe, alianza kuchora madoa ya jua kila siku mbingu ilipokuwa safi. Alikuwa akitafuta sayari iliyodhaniwa kuzunguka karibu na jua kuliko Utaridi, akitumaini kuiona ikikatiza mbele ya jua. Sayari hiyo haikuwepo. Lakini baada ya miaka 17 ya kuhesabu, daftari lake lilimwonyesha jambo ambalo hakulitafuta: madoa yanaongezeka na kupungua kwa mzunguko, aliokadiria kuwa miaka kama 10. Leo tunajua wastani wake ni miaka 11 hivi. Mwaka 1857 akatunukiwa medali ya dhahabu ya chama cha kifalme cha wanaastronomia cha Uingereza. Michoro yake inazidi 8,000, na katika karne hii wanasayansi wameirudia kupima ukubwa na mahali pa madoa ya miaka ile. Kazi ya mfamasia bado inatumika.

Aliyeigeuza hesabu hiyo kuwa kipimo cha kudumu ni Rudolf Wolf wa Uswisi. Kanuni yake mwanafunzi wa kidato cha pili anaiweza: hesabu vikundi vya madoa, zidisha kwa 10, kisha jumlisha idadi ya madoa yote mojamoja. Vikundi 4 vyenye madoa 17 kwa jumla vinatoa 57. Darubini ya Wolf ilikuwa ya milimita 83, na alipokuwa safarini alitumia ndogo ya takriban milimita 40. Yenu iko katikati ya hizo mbili. Kituo cha Royal Observatory of Belgium mjini Brussels, kiitwacho SILSO, ndicho kinachotunza namba ya madoa ya jua ya dunia nzima, na watu wengi wanaokipelekea hesabu zao ni wa kujitolea wenye darubini ndogo. Chama cha Marekani cha AAVSO, kilichoanzishwa mwaka 1911, nacho hupokea hesabu hizo. Kila mtazamaji hupewa kizidishio chake kwa kulinganishwa na wengine, hivyo udogo wa darubini yako haukuondoi. Kinachoharibu ni kubadilisha chombo katikati ya safari, au kuhesabu siku zenye madoa mengi na kuruka siku ambazo jua ni jeupe tupu. Sifuri ni hesabu. Iandikwe.

Hapa naomba unisikilize kwa makini kuliko mahali pengine popote katika jibu hili. Darubini nyingi ndogo huuzwa zikiwa na kijichujio cheusi cha kufungwa kwenye lenzi ya kutazamia, kimeandikwa kwamba ni cha jua. Kitoe leo na ukiharibu. Kinakaa mahali ambapo joto lote la jua limekusanywa. Kinaweza kupasuka ghafla, na jicho likaungua kabla ya mtoto hajafumba. Njia mbili ndizo salama. Ya kwanza ni karatasi maalumu ya jua inayofunika mdomo wa mbele wa darubini, imefungwa imara isipeperushwe na upepo, na imekaguliwa kila mara kwa ajili ya matundu. Ya pili ni kuutupa mwanga wa jua kwenye karatasi nyeupe nyuma ya lenzi ya kutazamia, bila mtu yeyote kuchungulia. Kijidarubini cha kulengea kifunikwe au kiondolewe kabisa. Mtu mzima asimame hapo muda wote, hata dakika mbili asiondoke.

Kwa darasa napendelea njia ya karatasi nyeupe, kwa sababu wote wanaona kitu kimoja na wanaweza kubishana. Chora duara la sentimita 15, sogeza karatasi mpaka jua lijae ndani yake, kisha wachore madoa palepale yanapoangukia. Acha darubini imesimama: taswira ya jua itateleza yenyewe, na upande inakotelezea ndiyo magharibi ya jua. Fanyeni asubuhi kabla ardhi haijachemka, kwa maana mchana hewa ya Singida hucheza na madoa madogo hupotea. Baada ya wiki mbili watakuwa wameona doa likitokea ukingo mmoja na kupotelea ukingo wa pili, na wataweza kukokotoa wenyewe kwamba jua linajizungusha kwa siku kama 27 likitazamwa kutoka duniani. Mzunguko wa sasa wa madoa ulianza Desemba 2019 na umeshapita kilele chake, hivyo darasa linaloanza leo litarithishana daftari lenye namba zinazoshuka, hadi siku za jua tupu. Ni jambo zuri sana kwa shule: wanaohitimu wanawaachia wadogo zao, na mfululizo haukatiki.

Kabla hamjaandika hata tarakimu moja, kubalianeni kuhusu saa. Hili limeharibu kumbukumbu nyingi za kwetu. Dunia ya utafiti hutumia saa ya pamoja, UTC, ambayo iko nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa saa tatu, na sisi tunahesabu saa tangu mapambazuko. Mwanafunzi akiandika "saa tatu" bila zaidi, hakuna atakayejua. Kwa bahati njema hesabu yenyewe ni nyepesi. Mchana, chukua saa ya Kiswahili uongeze tatu: saa tatu asubuhi ni 06:00 UTC, saa nane mchana ni 11:00. Usiku ongeza kumi na tano, na jibu likifika 24 au kuzidi, toa 24: saa tatu usiku ni 18:00, saa nane usiku ni 23:00. Na hapo kwenye saa nane usiku kuna mtego wa tarehe. Kuanzia saa sita hadi saa tisa usiku, kalenda ya ukutani imeshageuka lakini ya UTC bado iko jana. Andikeni zote mbili daima, saa ya hapa na UTC, ili kosa likitokea lionekane.

Vimondo vinavyowaka angani havihitaji darubini kabisa. Chama cha kimataifa cha vimondo, IMO, kilichoanzishwa mwaka 1988, kinaishi kwa hesabu za watu waliolala chali gizani. Mvua ya vimondo ya Geminidi hufikia kilele karibu na tarehe 13 na 14 Desemba, ila kwenu huo ni msimu wa mvua na mawingu huenda yakawanyima. Ningewaelekeza zaidi kwenye Eta Aquaridi, tarehe 5 na 6 Mei hivi, kabla ya alfajiri. Vimondo hivyo ni vumbi la nyotamkia ya Halley. Ulaya kitovu chake, yaani mahali angani vinapoonekana kutokea, hakijapanda vya kutosha kabla hakujakucha, wakati kwenu kinakuwa juu vizuri. Hapo hesabu ya mtu wa Singida ina uzito kuliko ya mtu wa London, na si kwa kupendelewa, ni jiografia.

Kuna kosa moja ambalo madarasa hulifanya: wanafunzi kumi wanahesabu, kisha wanajumlisha. Jumla hiyo haina kazi. Kila mtu awe na karatasi yake, kwa kuwa kinachotafutwa ni idadi ambayo jicho moja linaona kwa saa moja chini ya anga ya giza la kiasi fulani. Kwa hiyo kila mmoja aandike pia nyota hafifu kabisa anayoiona, na sehemu ya anga iliyozibwa na mawingu.

Kikipita kimondo kikubwa cha kuangaza mji, sahau mvua zote hizo. Andikeni mara moja kilianzia upande gani, kiliishia wapi, kilikuwa juu kiasi gani, na mlio ulichelewa sekunde ngapi, kisha kusanyeni maelezo ya majirani kabla hawajasikia ya redioni. Mawe haya hutuangukia kweli. Mbali na kimondo cha chuma cha Mbozi kilichokuwepo tangu zamani, mawe yalianguka Mbale, Uganda, tarehe 14 Agosti 1992, na kipande kidogo kikamgonga mvulana kichwani baada ya kupunguzwa kasi na majani ya mgomba, wala hakikumdhuru. Thika nchini Kenya yalianguka tarehe 16 Julai 2011. Na Oktoba 2008, asteroidi ndogo, yaani jiwe linalozunguka jua, iliyogunduliwa ikiwa bado angani, siku moja tu kabla, ililipuka juu ya jangwa la Sudan. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Khartoum walipanga mistari wakatembea mchangani, na hatimaye takriban vipande 600 vikapatikana. Ilikuwa mara ya kwanza duniani kwa jiwe kuonekana angani, kufuatiliwa, na kuokotwa. Waliookota walikuwa wanafunzi wa Kiafrika waliotembea kwa miguu.

Kazi ya tatu ni ngumu zaidi lakini ndiyo ninayoipenda kuliko zote: asteroidi kupita mbele ya nyota na kuizima kwa sekunde chache. Wakati huo kivuli cha asteroidi kinakatiza juu ya nchi, kikiwa na upana uleule wa jiwe lenyewe. Watu waliotawanyika kwenye njia yake, kila mmoja akipima nyota ilizimika saa ngapi na kurudi saa ngapi, wanaweza kuunganisha vipimo vyao wakapata umbo la jiwe ambalo darubini yoyote ya duniani inaliona kama nukta. Kivuli hukimbia kilomita kama 10 hadi 20 kwa sekunde, kwa hiyo kuchelewa nusu sekunde ni kukosea kilomita tano au kumi. Saa ya simu isiyorekebishwa haifai. Tumieni programu inayochukua saa kutoka satelaiti za GPS. Chama cha kimataifa cha wapimaji wa matukio haya, IOTA, kinaratibu kazi hii, na programu ya bure ya OccultWatcher itakupa matukio yanayokaribia mahali ulipo.

Kwa milimita 70 mtabaki na nyota angavu tu, na hizo hutokea kwa nadra. Lakini Afrika ina watazamaji wachache mno kwenye njia za vivuli hivyo. Tarehe 4 Agosti 2018 timu ya New Horizons, chombo cha NASA kilichokuwa kimeshaipita Pluto, ilisafiri hadi Senegal na, pamoja na wanasayansi wa huko, ikatandaza darubini kusubiri kivuli cha Arrokoth, jiwe lililo mbali kuliko Pluto. Tarehe 1 Januari 2019 chombo kilipolipita jiwe hilo, wanasayansi walikuwa tayari na wazo la umbo lake la mapande mawili yaliyoungana. Na msipoona nyota ikizimika, bado mna taarifa: ukingo wa jiwe haukufika kwenu. Itumeni.

Mkikaa wiki za mvua bila kuona anga, kuna kazi ya kompyuta. Chombo cha SOHO, kilichorushwa Desemba 1995, kimepiga picha za pembezoni mwa jua kwa zaidi ya robo karne, na picha hizo ziko wazi kwa yeyote mwenye intaneti. Watu wa kujitolea wa mradi wa Sungrazer huzipitia wakitafuta nyotamkia ndogo zinazoingia jua. Machi 2024 ilitangazwa ya 5,000. Aliyeiona, Hanjie Tan, alikuwa wakati huo mwanafunzi wa uzamivu mjini Prague, lakini alijiunga na mradi akiwa na umri wa miaka 13. Waambie hilo wa kidato cha kwanza. Waambie pia kwamba nukta nyingi watakazozishangilia zitakuwa kelele za kamera, na kwamba nukta inayosogea kwa mstari ulionyooka na mwendo wa kueleweka katika picha kadhaa mfululizo ndiyo inayostahili kuripotiwa.

Nimeziacha sayari mwisho kwa makusudi, ingawa najua ndizo zinazowavutia. Zamani lenzi ndogo ilitosha. Agosti 1933 mchekeshaji maarufu wa Uingereza, Will Hay, aligundua dhoruba kubwa nyeupe juu ya Zohali kwa lenzi ya inchi sita, kutoka bustanini kwake London. Leo mawingu ya Mshtarii yanafuatiliwa kwa kamera na darubini za sentimita 20 kwenda juu, na milimita 70 zitakuonyesha mikanda na miezi bila kuongeza kitu kwenye utafiti. Nakuambia hivi ili msije mkatumia mwaka mzima huko na kukata tamaa.

Ila siku moja, mkiwa na chombo kikubwa, mna hazina ambayo Ulaya haina. Mtazamaji wa Singida huipata Mshtarii au Zohali zaidi ya digrii 60 juu ya upeo kila inapovuka kilele, mwaka wowote. Sayari ikiwa kusini kabisa, mtu wa London huiona kwenye digrii 15 tu, ikitetemeka ndani ya hewa nzito. Clyde Foster wa Afrika Kusini aliutumia vyema upande wetu huu wa dunia: tarehe 31 Mei 2020, akitumia kichujio cha mwanga unaofyonzwa na gesi ya methani, aliona wingu jipya likichomoza karibu na Doa Jekundu la Mshtarii, kwenye eneo ambalo saa chache kabla mtazamaji wa Australia hakuona kitu. Siku mbili baadaye Juno, chombo cha NASA kinachoizunguka Mshtarii, kilipita juu ya sayari na kulipiga picha wingu hilo kwa karibu. Sasa linaitwa doa la Clyde.

Kuhusu fedha, msichangishe bado. Darubini kubwa sasa itawavuruga, kwa sababu mtaacha mfululizo wa jua kabla haujakomaa. Nunueni karatasi ya jua kutoka kwa muuzaji anayeaminika, tochi yenye mwanga mwekundu, na madaftari ya jalada gumu. Mkimaliza mwaka na hesabu zenu zimepokelewa Brussels, mtakuwa na hoja mezani kwa mfadhili yeyote, na wakati huo ombeni ya kioo cha sentimita 20 yenye mota ya kufuata anga, pamoja na kamera ndogo ya sayari.

Na tarehe 2 Agosti 2027 iwekeni kwenye kalenda ya shule. Jua litapatwa kikamilifu kutoka Afrika Kaskazini na Misri hadi Yemen na ncha ya Somalia. Singida litapatwa kwa sehemu tu, wakati wa mchana. Kwa darasa ambalo litakuwa limezoea kulichora jua, patakuwa na kazi ya kutosha: kupima kwa UTC dakika na sekunde ukingo wa mwezi unapoligusa jua, unapofunika kila doa, na unapoliachia. Anzeni kuchora wiki hii, kisha niandikie baada ya mwezi mmoja na unitumie kurasa mbili za daftari, hata kama ni za siku za mawingu, nizipitie kabla hamjajiandikisha.